Barua Tatu za Binti wa Ndhiwa

Nianze na ubaya wangu, maana nimechoka kusifiwa. Kila nikienda kwetu, karibu na Karungu, hakosekani mtu wa kuniambia, "Mwalimu, wewe ulikuwa rafiki wa kweli. Ulimuuguza mwenzako kama ndugu wa tumbo moja." Naitikia, nameza mate, nauliza habari za mifugo. Ni kweli nilimuuguza. Lakini nilimuuguza kwa wivu, na wivu huo nusura umtoe hospitalini kabla dawa haijaisha.

Nyumba za wazazi wetu zilipakana. Baba yangu alikuwa katekista, akanipeleka shule ya misheni. Baba yake alisema msichana ni wa kuolewa, kwa hiyo yeye alibaki kuchunga mbuzi na kubeba wadogo zake mgongoni. Jioni alikuwa akiningoja njiani, ananipokea slate yangu, kibao cha kuandikia, kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaniomba nimfundishe. Tukaenda ziwani, nikachukua kijiti, nikamwandikia kwenye mchanga: a, e, i, o, u. Alizishika zote jioni moja. Kesho yake alipokuja na kijiti chake mwenyewe, nilimwambia nimechoka.

Sikuwa nimechoka hata kidogo. Niliona tu kwamba lilikuwa jambo moja nililomshinda, na yeye alitaka kunipokonya. Alikuwa mzuri kunishinda, aliimba kunishinda, na mama yangu mzazi alimpenda kunishinda, Mungu anisamehe, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kusoma kulikuwa kwangu mimi.

Akaolewa kilima cha pili kutoka kwetu. Mume wake alifanya kazi Kericho kwenye majani chai, akawa anamtumia barua, na barua zote zililetwa kwangu nizisome. Nikafurahi sana. Mimi nami niliolewa, sikupata mtoto, nikaachika, nikarudi kwenye chaki. Nilipopelekwa kufundisha shule moja nje kidogo ya Homa Bay, bado alikuwa akinitumia barua zake kwa mtu wa basi, nami nazijibu kwa niaba yake. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Mumewe hakujua nusu ya maneno matamu aliyoandikiwa yalikuwa yangu.

Halafu mume akaoa mke wa pili, msichana wa Ndhiwa. Sisi humwita mwanamke kwa jina la kwao, kwa hiyo yeye alikuwa nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, na hata leo simwiti vingine. Niliposikia habari hiyo nilipanda basi Jumamosi, nimebeba kilo mbili za sukari na maneno mengi ya kufariji. Nilijua nitamkuta rafiki yangu amevimba macho. Nikawakuta wote wawili shambani, wanapalilia mstari mmoja, wanacheka mpaka jembe linawaanguka. Sukari waliipokea. Maneno nilirudi nayo.

Kwa Kijaluo mke mwenza ni nyieka, na ndani ya neno hilo mna wivu wenyewe. Kila mtu anajua wake wenza huoneana kijicho. Ndiyo desturi, na watu hujipanga kwa hilo, kila mmoja na nyumba yake, jiko lake na ghala lake. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba rafiki naye anaweza kushikwa na ugonjwa huo. Sikuwa na nyumba yangu ya kujifungia.

Mwaka uliofuata Uhuru, kabla ya mvua za masika, rafiki yangu alikuja Homa Bay akiwa na uvimbe kwenye ziwa la kulia. Alikuwa ameuficha miezi. Binti wa Ndhiwa ndiye aliyeugundua walipokuwa wanaoga mtoni, na ndiye aliyemleta, amembebea mzigo kichwani na kumshika mkono kama anayevusha mtoto. Niliwapokea kwangu, nikawapikia, na usoni nilicheka. Moyoni nilikuwa nasema: sasa huyu anatafuta nini hapa?

Hospitali ilikuwa ya misheni, juu kidogo kwenye kilima, na daktari alikuwa mama wa Kizungu aliyezungumza Kiswahili cha kukatakata. Alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyevaa viatu, akasema, "Ni kansa. Mwambie." Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo. Nilimwambia mwenzangu kwa Kijaluo kwamba ni kidonda cha ndani, kinachotembea, na kwamba daktari anataka kulikata ziwa lenyewe kabla hakijatembea zaidi. Kisha akamgeukia binti wa Ndhiwa, si mimi niliyetafsiri, akamuuliza, "Wewe unaonaje?"

"Mikayi," yule alijibu, maana ndivyo mke mkubwa anavyoitwa kwa heshima, "watoto wako wameshaacha kunyonya. Likatwe, turudi nyumbani na wewe."

Basi likakatwa. Na hapa ndipo niseme jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Siku nesi alipofungua bendeji mara ya kwanza tulikuwa wote wawili kando ya kitanda. Niliona upande mmoja wa kifua ukiwa bapa, nyuzi nyeusi, na harufu ile. Niligeuza uso, nikajifanya natafuta leso mkobani. Nilipogeuka tena, binti wa Ndhiwa alikuwa ameshika beseni, ameinama, anafuata mkono wa nesi kwa macho ili ajifunze. Kesho yake kidonda alikisafisha yeye. Alikuwa anapuliza taratibu kama anapoza uji wa mtoto, na mgonjwa amefumba macho ametulia.

Nilimchukia siku hiyo. Nasema waziwazi: nilimchukia kwa kufanya nilichoshindwa.

Kidonda kilipoanza kukauka, daktari alieleza yaliyobaki. Kulikuwa na dawa mpya, sindano, moja kila Jumatatu, Jumatatu nane. Zitamtapisha, zitamnyonyoa nywele, lakini zitafukuza mizizi iliyobaki. Na zisikatizwe. Alirudia mara tatu akihesabu kwa vidole, "Nane. Hapana saba. Nane." Binti wa Ndhiwa asingeweza kukaa muda wote huo, nyumbani kulikuwa na watoto wa nyumba mbili na mama mkwe mzee. Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili. "Mwalimu," alisema, "nakuachia." Nilimsindikiza mpaka kwenye basi, na basi lilipokata kona nilisikia furaha ya ajabu, nikarudi kilimani karibu nikikimbia.

Sasa nilikuwa naye peke yangu. Nilikuwa nafundisha asubuhi, mchana napanda kilima na uji. Alikataa samaki, harufu ilimchefua; fikiria mtu wa Karungu asiyetaka samaki! Nilimkorogea uji wa wimbi, nikatia maziwa na sukari nyingi. Alionja, akaweka kikombe chini. "Nyieka wangu hutia mtama na muhogo, anaacha uchachuke kidogo," alisema. Nikaenda kutafuta mtama na muhogo. Nikauchachusha. Akaonja akasema ni mzuri, umekaribia. Umekaribia! Nilitaka kukimwaga kikombe dirishani.

Nywele zilipoanza kutoka tulizinyoa zote kwa wembe wa nesi. Kwetu mwanamke anayenyolewa hivyo ni mjane, na alijitazama kwenye kioo changu akacheka. "Mume wangu akiniona atadhani amekufa," alisema. Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akauliza kuna nini. Nakumbuka niliwaza: hili hatakuwa nalo binti wa Ndhiwa, hiki kicheko ni changu.

Ikafika masika. Mvua ilianza usiku mmoja, ikapiga kwa siku mbili, na asubuhi ya tatu kila mwanamke wa Homa Bay alikuwa na jembe begani. Barua ya kwanza ilikuja wiki hiyo, kwa sanduku la posta la shule. Karani wa posta alinipa mkononi, kwa kuwa mimi ndiye niliyechukua barua za shule. Juu palikuwa na jina la rafiki yangu, kwa mwandiko wa mwalimu wa kanisa lao, na nyuma: kutoka kwa nyar Ndhiwa.

Inabidi nieleze kitu hapa kwa asiyekijua. Katika boma la Kijaluo mke mkubwa ndiye hutangulia kutupa mbegu ardhini. Yeye akishapanda, ndipo mke mdogo hupanda, kisha wana waliooa. Wazee walikuwa na masharti mengine ya usiku wa kuamkia siku hiyo, ambayo wana kanisa walikuwa wameyaacha, lakini hili la kutangulia hawakuliacha, hata makatekista. Mke mdogo akimpita mkubwa, analeta chira, laana inayokausha watoto mpaka wanakwisha. Kwa hiyo mke mkubwa akilala hospitalini wakati wa mvua, boma zima linakaa mikono mapajani. Na mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda, limemeza mashamba ya chini. Walibaki na shamba la juu peke yake.

Kwa hiyo nilijua kilichomo kwenye barua bila kuifungua. Njoo upande, tunangoja, mvua inapita. Angeisikia, angeondoka, barabara ya kwetu inayopitia Ndhiwa ingekatika kwa matope kama kila masika, na sindano zingekatika. Nilijiambia ninamlinda. Niliingiza barua kwenye boksi tupu la chaki, nikaliweka juu ya kabati. Lakini kama ilikuwa kumlinda tu, kwa nini sikuifungua nikahakikisha? Mimi, mtu aliyesoma barua zake zote maishani? Sikuifungua kwa sababu sikutaka sauti ya yule mwanamke iingie wodini, tena kwa mdomo wangu. Huo ndio ukweli, umenikaa kooni miaka mingi.

"Hakuna neno la nyumbani?" aliniuliza jioni hiyo.

"Hakuna," nilisema. Halafu, kwa kuwa uongo hauji peke yake, nikaongeza, "Watu wana shughuli zao, osiepna. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Osiepna ni rafiki yangu. Nililitamka taratibu, nikilionea utamu.

Ya pili ilikuja wiki iliyofuata, na ya tatu siku chache baadaye. Zote boksini. Alikuwa akiniuliza kila siku, kisha akawa haulizi. Alikuwa analala akisikiliza mvua juu ya mabati. Nilidhani ni dawa inayomnyong'onyeza.

Baada ya sindano ya tano, Jumanne, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kitambaa kichwani, mzigo wake umefungwa.

"Ijumaa naenda nyumbani," alisema. "Nitatupa mbegu, nirudi."

Nikapandisha sauti. Nikamwambia barabara itamfungia, atakosa Jumatatu moja, mbili, ataharibu yote. Daktari akaja, akampungia vidole vitatu usoni. "Mama, hapana kwenda. Tatu bado. Ukikata dawa, ugonjwa anarudi na hasira." Alitusikiliza sote kwa adabu. Daktari alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza. Wangeniambia nikae, ningekaa. Neno moja tu lingetosha. Lakini binti wa Ndhiwa hajanyamaza hivi tangu aolewe. Ukimya wa nyumbani ni hasira. Watoto wao watakula nini, na wangu, mimi nikiwa hapa nachomwa sindano? Nikipona nikakuta boma limekufa njaa kwa ajili yangu, nimepona nini?"

Kumbe si barua iliyokuwa inamwita nyumbani, ni kukosekana kwa barua. Ningeweza kutoka pale, kushuka kilima, kuleta boksi. Nilikuwa na Jumanne yote, Jumatano yote. Nilifundisha hesabu, nilisahihisha madaftari, nilifagia nyumba mara mbili. Nikikaribia kabati, naona namna atakavyonitazama, narudi nyuma. Nilianza hata kuomba Mungu mvua imkatie njia yeye asiondoke. Mtu akikataa kusema ukweli humtwika Mungu mzigo wake.

Alhamisi mchana nilikuwa kando ya kitanda nambembeleza kwa mara ya mia, mlango wa wodi ukajaa mtu. Alikuwa binti wa Ndhiwa. Matope yalimfika magotini, gauni limemganda mwilini, na kichwani alikuwa na karai limefunikwa kwa jani la mgomba. Basi lilikwama njiani, pale Rodi, akatembea kutoka huko na mzigo ule kichwani. Nesi alitaka kumzuia; alimpita kama hakumwona.

Alipiga magoti akalitua karai sakafuni. Kisha akamshika rafiki yangu usoni, akamgeuza kushoto, kulia, kama mtu anayekagua mtungi kama una ufa. "Bado upo," alisema, akaanza kulia na kucheka.

Alipofunua jani tuliona udongo. Mweusi, wenye unyevu, na majani makavu ya mahindi ya mwaka jana bado ndani yake. Udongo wa shamba la juu.

"Umenyamaza, Mikayi," alisema. "Nikajua unahangaika kwa ajili ya shamba. Nikamwuliza mama mkwe: ni lazima yeye aje kwenye shamba, ama shamba linaweza kwenda kwake? Akafikiri siku nzima. Akasema, shamba ni udongo. Akiugusa, akaupandia, ametangulia." Akafungua pindo la nguo yake, mlikuwa na mtama na mahindi, punje chache. "Panda. Nikifika nyumbani, nami nitapanda."

Rafiki yangu aliliinamia karai. Mkono wake wa kulia haukuweza kunyooka tangu alipokatwa, kwa hiyo alitumia wa kushoto. Alichimba kwa kidole, akaweka punje, akafukia, akachimba tena. Wodi nzima iliamka kutazama. Bibi mmoja wa Oyugis aliyekuwa kitanda cha mwisho alipiga kigelegele chembamba cha mgonjwa, na nesi naye akasahau kukasirika. Mimi nilisimama na kikombe changu cha uji. Hakuna aliyenitazama.

"Sasa sitaondoka," rafiki yangu alisema akijipangusa kidole. "Lakini kwa nini hamkunitumia hata neno?"

"Nimetuma barua tatu!"

Nilifungua mdomo, na uongo ulikuwa tayari, umeshavaa viatu. "Posta yetu hii," nilisema, "na mvua hizi." Na binti wa Ndhiwa, hana habari, akaniunga mkono: kweli, barabara mbaya, pengine zimelala Rodi. Nilikuwa nimepona. Ningeweza kufa na siri hiyo. Ningependa kuandika hapa kwamba dhamiri ilinisukuma. Wapi! Binti wa Ndhiwa alisema tu, akikamua pindo la gauni lake, "Kesho nikipita mjini nitamwuliza karani wa posta. Ile ya tatu sitaki ipotee." Karani alinijua kwa jina na kwa uso. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye dirisha la posta.

Nilishuka kilima, nikapanda tena na boksi la chaki. Nililiweka kitandani mbele yao. Barua zilikuwa na vumbi jeupe.

"Zilifika," nilisema. "Nilizificha. Sikuzifungua."

Binti wa Ndhiwa alitazama sakafu haraka, kama mtu aliyeingia mahali akamkuta mwenzake hajavaa. Rafiki yangu alizitazama barua, akazigeuza moja moja. Alikuwa na zile barua mkononi, zake mwenyewe, na hakuweza kufanya nazo chochote. Akanipa.

"Soma," alisema.

Zilikuwa kwa Kijaluo, nami nazileta kwa Kiswahili kama ninavyozikumbuka, na nazikumbuka zote. Ya kwanza ilisema: Mikayi, mvua imeanza na majirani wanapanda. Sisi tumekaa. Usije. Nimesema sitashika jembe mpaka umalize sindano zako nane, na mama mkwe amekubali. Mtoto wako wa mwisho ameng'oka jino, hana aibu, anacheka mdomo wazi kwa kila mtu.

Ya pili: Hujajibu. Kama mkono unauma, mwambie Mwalimu akuandikie. Mume wetu ametuma neno kutoka Kericho, mgonjwa kwanza, shamba baadaye. Mtama wa mwaka jana upo. Kunywa uji hata kama utautapika.

Nilifungua ya tatu.

Kama nimekukosea, niambie. Kama ni shamba linalokusumbua, nitakuletea shamba. Mpe Mwalimu salamu zangu nyingi. Niliogopa sana kukuacha huko kwa watu, lakini nikikumbuka kwamba yuko nawe, ninapata usingizi. Mwambie kwamba sikuwa na dada, na sasa kupitia kwako nimempata.

Nilisoma mpaka mwisho, mpaka "wako, binti wa Ndhiwa", na herufi zilikuwa zinaogelea. Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze. Binti wa Ndhiwa aliinuka, akajifanya anatazama kama udongo unahitaji maji.

"Hiyo ya tatu," rafiki yangu alisema. "Soma tena."

Nikasoma tena, pamoja na ile salamu. Alipoona nimemaliza alinyoosha mkono wa kushoto, akazichukua zote, akaziweka chini ya mto. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Unakumbuka kule ziwani?" alisema. "Ulinifikisha kwenye u. Kesho yake ukasema umechoka." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, ingekuwa afadhali ungekuwapo. "Umeshapumzika sasa?"

Kumbe alijua. Miaka yote ile nikimsomea barua za mumewe na kujiona mkubwa, alijua, na alinivumilia kama mtu anavyovumilia jirani mwenye kuku waharibifu. Nililia kilio cha kelele, cha aibu, mpaka bibi wa Oyugis akauliza ni nani amefariki.

Kesho yake binti wa Ndhiwa alijitwika karai, akaondoka. Hakuniambia neno baya. Aliniambia nisizidishe sukari kwenye uji. Baadaye tulisikia alipanda Jumapili baada ya ibada, boma zima likamfuata, na zile mbegu za karai zilipoota alizihamishia pembeni mwa shamba la mke mkubwa.

Nami nikaanza kazi. Kila mchana, juu ya kilima, kwa wiki tatu zilizobaki. Hakutaka kitabu cha shule. Alitaka zile barua. Tulianzia b, kwa sababu vokali alikuwa nazo, hakuwa ameziacha zipotee tangu utoto. Siku za sindano alikuwa anatapika kwenye beseni, anasuuza mdomo, anarudisha kidole kwenye mstari. Akichoka, bado aliomba tuendelee. Sindano ya sita, ya saba. Siku ya sindano ya nane alisoma barua ya tatu peke yake, kwa sauti ya kukwama, na alipofika kwenye salamu zangu alizisoma akinitazama kwa kona ya jicho.

Dawa ilimpa miaka. Nywele zilirudi, na alitangulia kupanda misimu mingi kabla kidonda hakijatembea tena. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni siku moja kabla hajatoka hospitalini. Aliomba karatasi, akanigeuzia mgongo, akaandika kwa mkono wa kushoto mchana mzima. Nilisema, "Lete nikusahihishie." Alisema hapana. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaigandisha kwa uji alioubakiza kikombeni, uji wangu. Jina la juu lilikuwa limeandikwa kwa herufi zinazopanda na kushuka. Nyar Ndhiwa.

Barua ya kwanza maishani mwake, na haikuwa yangu.

"Nipelekee posta," alisema.

Niliibeba. Njiani niliigeuza juani nione kama mwanga unapenya karatasi. Uji ulikuwa bado haujakauka vizuri. Ningeifungua bahasha kwa ukucha, nikaifunga tena, asingejua mtu. Wivu ulinichoma kama siku ya kwanza, haukuwa umepungua hata chembe, nisidanganye. Nilifika posta, nikasimama mbele ya sanduku mpaka karani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Nikaitumbukiza, nikaisikia ikianguka, na sijui alichoandika mpaka leo.